Redio Tuliyogawana

Mjukuu wangu Idrisa,

Marahaba, mume wangu. Huku Magomeni tunapumua. Mama yako mdogo amejifungua mtoto wa kike, na goti langu ndiyo hivyo tena.

Umeniuliza kama nasi ujanani tulikuwa na chama kama chenu cha kompyuta. Tulikuwa nacho, cha redio, uani kwa fundi Jayanti, Kariakoo. Vipuri vilikuwa havionekani madukani, basi tukaunda redio moja ya wote kutoka kwenye mabaki ya redio mbovu. Siku redio iliposema mara ya kwanza, Jayanti alilia mbele yetu.

Kisha tukaogopa mmoja wetu asije akaifanya yake. Tukakubaliana kila mkutano ukiisha tuifungue, kila mtu aende kwao na kipande chake. Tuliona huo ndio ujamaa hasa. Jumamosi tunakutana, tunaiunga, inaimba.

Halafu Jayanti akahama nchi na transfoma yake. Mwenzetu mwingine akapelekwa kijijini, akaondoka na kipande chake. Hatukuthubutu kumwambia akiache, maana kilikuwa haki yake. Tuliobaki tukawa tunaweka vyetu mezani na kuvitazama tu, mpaka na sisi tukaacha kwenda.

Ninyi mkiunda kitu, kiacheni kizima, hata kama kitalala kwa mmoja wenu.

Mimi nilipewa spika. Bado ninayo, nimeiviringisha kwenye kanga. Huwa naitoa, naifuta vumbi, naisogeza sikioni. Haijawahi kusema kitu.

Bibi yako