Mwalimu, Tumesahihisha Kitabu Chako

Mwalimu,

Ninakuandikia nikiwa katika darasa lako, ambalo sasa ni langu. Wanafunzi wamekwenda nyumbani, vumbi la chaki bado liko kwenye mikono yangu. Mwaka umepita tangu tukuzike, na mwaka mzima sikuandika, maana ulichukia barua zisizo na habari. Leo ninayo habari. Kitabu chako kimepigwa chapa tena, na mwishoni kina kurasa tisa ambazo hukuziandika wewe. Zinasema ulikosea.

Nimeandika hivyo bila kufuta neno. Mwezi uliopita nisingeweza.

Unakumbuka siku wale wasichana wawili walipopigana nyuma ya shule? Nilikuwa mwanafunzi wako, mwaka wa nne. Ulimpa kila mmoja wetu nusu karatasi ukatuambia tuandike nani alianza. Mimi niliandika mengi kuliko wote: kofi la kwanza, shati lililopasuka, mpaka machozi. Ukaisoma kwa sauti, ukaisifu, darasa zima likanipigia makofi. Kisha ukaniuliza polepole:

«Odette, weye ulikuwa fasi gani?»

Nikasema nilikuwa ku robine, nachota maji. Ee, walivyonicheka! Wewe hukucheka. Ulichukua karatasi yangu ukaiweka kwenye meza ya pili, pamoja na za wengine waliosikia tu, na kwenye meza ya kwanza ukaziweka za waliokuwapo. Ukasema waliokuwapo nao wanaweza kudanganya, na waliosikia wanaweza kusema kweli, lakini kila karatasi lazima tuiulize: nani anasema, alikuwa wapi, alijua namna gani. Baadaye tu, siku nyingine, ndipo ulipotuandikia ubaoni majina makubwa, chanzo cha kwanza na chanzo cha pili. Nilipokuja kuwa mwalimu na ukanifundisha kazi kwa miaka miwili, nikikaa benchi la nyuma kukutazama, hukuacha kufundisha hivyo hata siku moja.

Kwa hiyo mwaka huu, somo lilipofika, nilitaka wanafunzi wangu wakufahamu. Nikachukua kitabu chako kidogo cha historia ya kijiji chetu kilicho kwenye barabara ya Kinsevere, nikawasomea ile sehemu ya mashamba ya mtoni. Unaijua kwa moyo. Tajiri mmoja wa ng'ombe alikuja na karatasi ya mauzo yenye majina ya wazee, iliyotiwa sahihi mkutanoni, akachukua mashamba ya watu wote. Na wewe uliandika: «Mzee Mwape ndiye aliyetia sahihi kwa mkono wake, akauza ardhi ya wenzake.» Nikawaambia wanafunzi, hiki ni chanzo cha pili, mwandishi wake ni Mwalimu Kalenga, alikuwa mwalimu wangu.

Msichana mmoja akainua mkono. Anaitwa Nathalie, anakaa hapa hapa mtaani Hewa Bora kwa shangazi yake, mtoto asiyesema sana. Akauliza:

«Madame, ule mwalimu alikuwa ku ule mukutano?»

Mwalimu, nilikasirika. Swali lilikuwa lako lile lile, na mimi nikamjibu kwamba wewe ulikuwa mtu mkubwa, kwamba hukuandika uongo maisha yako yote, kwamba yeye ni nani. Akakaa. Swali lake nilikwenda nalo mpaka nyumbani. Sikuweza hata kumaliza bukari, ugali wangu wa jioni.

Asubuhi yake nilimwita nje ya darasa nikamwomba msamaha. Ndipo akaniambia kwamba Mzee Mwape alikuwa kambo wake, yaani babu yake, baba wa mama yake. Nilimfundisha tangu Septemba sikujua, kwa sababu ana jina la ukoo wa baba. Kijijini, familia yao waliitwa wauza-ardhi. Wakati wa kulima hakuna aliyewasaidia, na msiba ukitokea kwao watu walipita njia ya mbali. Mwishowe wakahamia Mokambo. Mzee akafia huko, huko mpakani, na hakuna mtu wa kijiji aliyekwenda kumzika.

«Kambo alikuwa hajue kuandika, Madame,» akasema. «Alitia sahihi namna gani?»

Juma lililofuata alileta mfuko wa plastiki kutoka kwa bibi yake. Ndani yake: cheti cha ubatizo wa mtoto, kitambulisho cha zamani, na kibali cha kuvukia mpaka kwenda Zambia. Kwenye kila kimoja, mahali pa sahihi, alama ya kidole gumba, ya wino, iliyofifia. Na kibali kile kilikuwa cha miaka sita baada ya mauzo! Nilikaa nikakitazama. Mtu aliyeweka kidole mpakani, miaka sita kabla yake aliandika sahihi?

Ningeweza kuacha hapo, Mwalimu. Nakuambia ukweli wangu, nilitamani kuacha. Mke wako alikuwa amekwisha kuniomba nisimamie kupigwa chapa upya kwa kitabu, kigawiwe siku ya misa ya kutimiza mwaka, kwa jamaa na kwa shule zote za barabara ile. Ukurasa ule ungekwenda kila mahali. Prefe, mkuu wetu wa shule, aliponisikia alinivuta pembeni: «Odette, muntu alishakufa. Utamufunga nini tena?» Nami niliona kama ninakwenda kukuzika mara ya pili, na safari hii kwa mikono yangu.

Lakini wanafunzi walikuwa wameshaanza, na wewe unajua wanafunzi wakishaanza. Tulikwenda kwa chifu, mimi na watano, tukaomba kuiona karatasi ya mauzo yenyewe. Karani wake aliitoa kwenye kabati bila maneno. Miaka yote hiyo ilikuwa pale. Majina manne ya wazee. Matatu yana alama za vidole; hao kijiji husema walidanganywa tu. La nne, la Mwape, lina sahihi ndefu, nzuri, ya mtu aliyezoea kalamu, na mkia wake umezungushwa chini kama wa mtu wa ofisi.

Nathalie aliinama kuitazama kwa karibu. Alishika ukingo wa meza.

Josué, yule anayebisha kila kitu, alipiga kelele: «Bamemusingizia!» Nikamwambia angoje. Tukakaa chini ya ukuta wa ofisi tukabishana karibu saa nzima, na natamani ungekuwapo. Mmoja alisema labda mzee alikubali, halafu mwingine akamwandikia. Inawezekana, nikasema. Mwingine akasema bibi yake Nathalie anasema juma lile la mauzo mzee alikuwa Mokambo kutafuta mahindi. Josué huyo huyo akageuka: bibi ni mke wake, atamsemea vizuri tu. Nathalie akamjibu bila hasira, «Ndiyo, ni muke wake. Lakini njo yeye alikuwa naye mu nyumba. Weye ulikuwa wapi?» Mpaka Josué alicheka. Mwisho tukaandika kile tu tulichoweza kukisimamia: kwamba mkono ulioandika jina la Mwape si mkono wa Mwape, kwamba hatujui ni wa nani, kwamba karatasi ile haiwezi kushuhudia kuwa aliuza.

Bado ulibaki wewe. Ulijuaje?

Nilikwenda kwa mke wako, Mama Astrida, nikamwomba madaftari yako ya mahojiano, bila kumwambia kwa nini. Nikayasoma nyumbani kwangu, Jumapili mchana. Mwandiko wako, Mwalimu... ulikuwa umeanza kuwa mkubwa, mistari inapanda juu, macho yalikuwa yanakuacha. Kuhusu Mwape una wazee watatu. Wa kwanza anasema alisikia kwa wa pili. Wa pili anasema alisikia kwa wa tatu, Papa Zefani. Na Papa Zefani anasema, «Ilisemwa.» Basi. Watatu walikuwa mmoja, na huyo mmoja hakuona. Hukwenda kuitazama karatasi, na Mokambo hukufika. Wewe!

Nilikukasirikia siku mbili. Nilikuwa nikipita karibu na picha yako kwenye ukumbi wa walimu naangalia upande mwingine. Uliharakisha, naelewa, uliogopa kuwa kipofu kabla hujamaliza. Lakini kuna watoto walikua bila kusalimiwa, na kitabu chako kiliwaandikia majirani sababu.

Siku ya tatu nikaenda kumwambia Mama Astrida. Njiani nilikuwa nimetunga hotuba nzima. Nilimkuta anachambua lengalenga, nikakaa kwenye kigoda, hotuba ikanipotea, nikamweleza ovyo ovyo huku nalia. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia juu ya mboga. Halafu akaanza kucheka, Mwalimu. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

«Mutoto, weye uliogopa nini? Ule bwana yangu, barua ya kwanza ya mapendo nilimuandikia, alinirudishia na kalamu ya Biki nyekundu! Alihesabu makosa kumi na moja. Mwenye kusahihisha bantu vile, yeye iko nani asisahihishwe?»

Hukuwahi kutuambia hilo la barua.

Nikamuuliza kama tuufute ukurasa. Akafikiri. Akasema hapana, mukiufuta bantu batasema hakuandika, na aliandika. Muache vile aliandika, halafu mutie ya kwenu nyuma. Mama Astrida hakusoma historia hata mwaka mmoja, na lile ndilo jibu ambalo ungelitoa. Nilitoka kwake nikitembea kama mtu aliyetuliwa gunia la mkaa kichwani. Nilipita kituo changu cha basi bila kujua, nikaenda kwa miguu mpaka nyumbani.

Kwa hiyo ukurasa wako uko vile vile. Chini yake kuna nyota ndogo, na nyota inampeleka msomaji kwenye kurasa tisa za mwisho, zilizoandikwa na wanafunzi, na picha za vidole vya Mzee Mwape, na picha ya ile sahihi. Wameandika pia maneno ya bibi, na wakasema ni mke wake. Wameandika kwamba maswali hayo waliyapata kwa mwalimu wao, naye aliyapata kwako. Hilo sikuwaambia waliandike.

Sasa nikueleze siku yenyewe. Baada ya misa tulikusanyika uani kwako. Watu wa kijiji walikuja na lori, na Nathalie alimleta bibi yake kutoka Mokambo, Mama Sabina, mwanamke mwembamba aliyevaa kitenge kipya cha bluu. Alikaa karibu na mlango wa nje, kama mtu anayejiandaa kuondoka. Nilimwona Papa Zefani upande wa pili, mzee sana sasa, na nikaona alivyomtambua. Nilijiambia, Odette, umeleta ugomvi kwenye misa ya marehemu.

Nathalie alisimama akasoma. Alisoma polepole, bila kupamba. Alipofika kwenye «hatujui ni wa nani», watu wakaanza kunong'ona. Mama Sabina akainua mkono, akaomba asome tena pale palipotajwa vidole. Akasoma tena.

Ndipo Papa Zefani akainuka. Ilimchukua muda, mjukuu wake akataka kumshika, akamkataa. Alisema:

«Mi sikuona. Nilisikia tu, na nilisema kama muntu aliona. Mwalimu aliniuliza, nikamujibu vile. Ile kosa ya kitabu ilitoka mu kinywa yangu.»

Akainama mbele ya Mama Sabina akapiga makofi polepole, viganja vimejikunja, kama tunavyoomba msamaha kwetu. Alipiga mara nyingi kuliko kawaida. Nilidhani mama hatajibu. Akamwacha ameinama, na ilikuwa haki yake kumwacha. Mwishowe naye akapiga, mara mbili, fupi.

«Nimesikia,» akasema. «Lakini yeye alikufa hasikie.»

Mama Astrida alimshika mkono, akamtoa pale mlangoni, akamkalisha karibu yake. Chakula kilipoletwa walinawa kwenye beseni moja. Mimi nilikuwa jikoni nimejificha nyuma ya sufuria, ninalia na kucheka, na wanafunzi wangu wananiona.

Mwalimu, nilidhani kukusahihisha kutakupunguza. Tangu siku ile nimelala vizuri. Watu wawili kutoka kijijini wameshakuja shuleni kusema kuna mambo mengine kwenye kitabu wanayoyajua tofauti, na mmoja ana karatasi.

Mashamba hayajarudi, nikuambie na hilo usije ukadhani. Ng'ombe wa yule tajiri bado wako pale. Ila Mama Sabina amekubali kwenda kijijini kiangazi hiki, na wanawake watatu wamemwahidi mahali pa kulala.

Nakuaga sasa, mwalimu wangu. Pumzika, kazi umeiacha kwenye mikono ya watu wasiokuogopa. Nami nakuahidi hili: kiangazi kikifika nitawapeleka wanafunzi Mokambo, kwenye kaburi la Mzee Mwape, wamsomee kurasa zile tisa kwa sauti. Tutasafisha majani, na nitamwambia kwamba nimekuja kwa niaba yako, kwa kuwa wewe hukuwahi kufika.

Mimi Odette, mwanafunzi wako