Chumvi Ndani ya Vumbi la Makumbi

Dada Mwanamisi, shikamoo. Nakuandikia kutoka Magogoni, na hasira zimenijaa hadi kooni. Leo nimefika kwa yule bwana anayetuuzia vumbi la makumbi ya nazi la kuoteshea miche. Nimemkuta akiyafukua makumbi kwenye matope ya bahari, alikoyaloweka miezi kama ya kusokotea kamba! Nikalionja vumbi lake: chumvi tupu.

"Hulioshi kwa maji ya kisima?" nikamuuliza.

Akacheka. "Kwani kamba huoshwa?"

Wallahi nilimmwagia gunia zima miguuni.

Dada yangu, miche yako ya nyanya haikufa kwa kukosa maji. Nami nilikuita mvivu mbele ya wanao. Mungu akuweke mpaka nirudi, nikuombe radhi mbele yao haohao.

Nduguyo, Bakari