Mwanamume Uliyeambiwa Yumo Nyumbani Mwangu

Nyumba ya Marehemu Fundi Feruzi,
Nyuma ya hoteli ya Fikirini,
Shinyanga.
Tarehe 14 Juni, 1938.

Kwa kaka yangu mpendwa Salehe bin Akida,
Karani wa Stesheni, Kilosa.

Shikamoo Kaka. Mimi dada yako Mwahija ni mzima, nakula, nalala, na vidole vyangu kumi vyote vipo, ila kimoja kina kovu la moto ambalo nitakueleza lilikotoka. Je, mgongo wako umepoa? Mama Tatu amejifungua salama? Na Shangazi Hadia bado analalamikia meno hali hana hata moja? Huku mvua zimekwisha, mtama umevunwa, vumbi limeshaanza kutuingia puani. Kwa yote tumshukuru Mungu.

Barua yako niliipata. Niliisoma mara tatu: mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimekaa, mara ya tatu nacheka peke yangu. Nilimwendea Mwalimu wa chuo cha Kurani aniandikie majibu kwa mwandiko mzuri, lakini nilipomtajia ninayotaka kusema akafunika wino wake. Basi naandika mwenyewe, kwa herufi alizotufundisha baba, wewe ukisinzia na mimi nikisikiliza. Mistari ikipinda utanisamehe.

Umesema umesikia kwamba nimeingiza mwanamume chumbani ndani ya eda, udongo wa kaburi la Feruzi haujakauka. Umesema vyombo vya kazi vya marehemu nimkabidhi mume wa wifi yangu Mwanne. Halafu ukasema utakuja kwa treni mwanzo wa Julai, nifunge mizigo, nirudi Kilosa nikitaka nisitake.

Salehe! Nakuita kwa jina, na ile shikamoo ya juu ibaki pale pale ilipo. Nimekuwa mke wa mtu miaka kumi na mmoja na mjane miezi minne na siku kumi za eda na siku chache juu yake, na katika siku zote hizo hukuniuliza neno. Umemsikiliza Mwanne. Sasa nisikilize mimi, kisha useme.

Wamjua Feruzi alikuwa fundi bati. Alitengeneza taa, makopo, madebe ya maji, birika. Machimbo ya dhahabu yalipopamba moto kule Geita akawa anakwenda mwezi mmoja huko, mwezi mmoja hapa, kurekebisha taa za wachimbaji. Kila akirudi analeta gunia la vyuma vilivyotupwa: misumari, vipande vya mashine, waya. Wengine waume zao walirudi na kanga. Mimi nilizoea gunia langu.

Na jambo ambalo hukuwahi kulijua, kwa sababu hukuuliza, ni kwamba nusu ya taa zilizotoka nyumba hii nilizilehemu mimi. Feruzi alikuwa hodari wa kupima na kukata. Mkono wake wa kulehemu ulikuwa mzito, risasi iliyoyeyuka inamwagika kama uji. Nilikuwa nakaa nyuma ya pazia na jiko langu la mkaa, yeye anapokea wateja na sifa. Tulikuwa tunacheka sana kwa hilo. Nalia ninapoliandika, lakini naendelea.

Sasa huyu Fikirini, mwenye hoteli ya chai na ndiye mwenye chumba chetu, mwaka jana alinunua redio kwa Mzungu mmoja wa machimboni aliyekuwa anarudi kwao. Ndiyo hiyo wazee wanaiita simu ya upepo. Sanduku lilikuwa zima, linawaka vitaa vyake ndani likiungwa na betri ya lori. Lakini ile tarumbeta yake ya kutolea sauti ilikuwa imekufa, panya wamekula. Sanduku zima bila mdomo. Feruzi akamwambia mdomo ataufanya yeye kwa vyuma vyetu, maana alikwisha kuufungua mmoja kule Geita akaona kilichomo. Alianza kazi Desemba. Mwisho wa Januari kichomi kikamchukua kwa siku tano.

Nikakaa eda. Umekuwa mwanamume maisha yako yote, hujui ilivyo. Chumba kimoja, nguo nyeupe, hakuna manukato, hakuna wanja, hakuna kutoka. Watu wanaleta chakula na wanaleta maneno. Mwezi wa kwanza nilitazama ukuta. Mwezi wa pili macho yakaangukia gunia chini ya kitanda, na juu yake ile kazi ya Feruzi aliyoiacha nusu, na nikaona kama mtu ameondoka mezani hajamaliza kula. Sikuweza kuiacha.

Nitakueleza ilivyo, upate kuona kwamba si uchawi. Kuna sumaku, yenye umbo la kwato, niliyoitoa kwenye chombo cha kutolea cheche cha lori bovu, kilichokuwa guniani. Kuna waya wa shaba, mwembamba kuliko unywele wako (uliobaki), nilioufumua humo humo nikauzungusha tena kwenye ncha za sumaku, maelfu ya mizunguko, siku tisa, na ukikatika unaanza kutafuta ncha kwa ulimi. Juu yake kifuniko cha kopo la sigara. Juu ya kifuniko pembe pana niliyoikunja kwa bati la debe. Waya mbili zinatoka kwenye sanduku la Fikirini na kupita kwenye kitundu cha ukuta. Mkewe Chiku ndiye aliyekuwa akizisukuma upande wake na mimi nazivuta upande wangu. Fikirini mwenyewe sikumwona hata kivuli. Hilo uliandike mahali.

Majuma mawili halikusema kitu. Unajua kosa? Sisi mafundi bati tumefundishwa kuziba. Taa ikivuja, fundi kaaibika. Basi kile kifuniko nilikilehemu kwenye sumaku pande zote, kimekaza, hata jasho haliwezi kupenya. Nikajisifu. Chiku akawasha sanduku, kimya. Akawasha kesho yake, kimya. Siku moja nikapandwa na hasira, nikabandua kifuniko na chuma cha moto (kovu ndilo hilo), nikakirudisha ovyo ovyo, na pembeni kukawa kumenasa kipande cha gazeti. Kikakoroma, Kaka! Kikakohoa! Kumbe bati linataka nafasi ya kutetemeka, unene wa karatasi tu, si zaidi. Nikakata kiduara cha gazeti nikakiweka chini ya ukingo wake wote. Akatoka mwanamume, anazungumza Kiingereza, sauti nzito ya mtu aliyeshiba.

Sasa huyo ndiye mwanamume wako. Alikuja mchana kweupe, baada ya alasiri, akasema nusu saa bila kupumua, na ukuta wa nyumba yangu wajua ulivyo mwembamba. Mwanne alikuwa anapita.

Hakubisha hodi. Alikwenda akamleta Mwalimu wa chuo na wanaume watatu, wakasukuma mlango. Walinikuta nimekaa kwenye mkeka na nguo yangu nyeupe, koleo mkononi, na mbele yangu debe linatoa hotuba. Mwalimu akasema audhubillahi, akarudi nyuma akamkanyaga mwenziwe. Mwanne yeye hakutazama debe hata kidogo. Aliinama akaingiza mkono chini ya kitanda kumtafuta Mzungu, akakatwa na ukingo wa bati, akapiga ukelele mtaa mzima ukajaa mlangoni.

Mwalimu akaniuliza, "Huyu anasema nini?"

Nikamjibu, "Sijui, Mwalimu. Mimi naye bado hatujajulishana."

Mama Limi, jirani yangu Msukuma anayeniletea maziwa, ndiye aliyepita katikati yao wote na kibuyu chake. Akachungulia ndani ya pembe, akaisalimu kwa heshima zote, "Mwangaluka!" Ilipokosa kumjibu akawageukia wale wanaume akawaambia, "Mwanamume wenu huyu ana mdomo mpana, lakini adabu hana." Watu walicheka hata Mwalimu akaangalia chini. Akasema sauti isiyo na mtu si mtu, na kazi ya mikono ndani ya nyumba haivunji eda, na Mwanne akafunge kidole chake.

Hayo Mwanne hakukuandikia. Alikuandikia nusu ya kwanza.

Nakuambia wazi alichokuwa anakitaka, na najua wewe huna ubaya, umedanganywa tu. Anavitaka vyombo. Mumewe amekuwa akivitolea macho tangu mazishi: mkasi wa bati, nyundo, fuawe ya kugongea bati, chuma cha kulehemu. Nikifukuzwa kwa aibu, vyombo vinabaki. Nikiwa mjane mwema asiye fundi, vyombo pia vinabaki, maana mwanamke wa kukaa tu vyamfaa nini? Sikuzaa na Feruzi, kwa hiyo fungu langu ni robo ya alichoacha. Nimekwenda kwa Mwalimu baada ya eda, nimesema robo yangu naichukua kwa vyuma, kitanda na vyungu na saa ya ukutani wachukue wao. Amekubali mbele ya mashahidi. Mwanne amechukua saa; haitembei.

Kuna jingine lililoniudhi zaidi ya hilo. Fikirini, kwa wema wake, alimtuma Chiku kuniambia kwamba siku ya kuitoa tarumbeta hotelini atawaambia watu ni kazi ya marehemu, aliimaliza kabla hajafa. Ati kunisitiri. Nikamjibu Chiku: mwambie mumeo tarumbeta hiyo inabanduliwa leo, asubiri panya wamtengenezee nyingine. Chiku akanisihi, akasema sifa zikienda kwa Feruzi mimi napungukiwa na nini? Dada wa watu, napungukiwa na kila kitu! Feruzi nampenda, namwombea kila swala, lakini Feruzi aliacha sumaku na nia. Waya niliuzungusha mimi. Siku tisa. Ikisemwa ni kazi yake, basi fundi wa nyumba hii amekufa, na mume wa Mwanne atakuja kubeba vyombo nami sina la kujibu.

Chiku akaapa kumfikishia mumewe maneno hayo, na kwa ahadi hiyo Ijumaa iliyopita tarumbeta ikawekwa mezani hotelini. Wanawake tulikaa uani, mlango wazi. Watu walijaa, hata madereva wa malori wa Mwanza na wanunuzi wa almasi kutoka porini. Likaanza kuimba, santuri za huko huko mbali, vinanda na sauti za wanawake wao. Mzee mmoja akapaza sauti akauliza fundi ni nani. Nilishika ukingo wa mkeka. Fikirini akasita; nilisikia alivyosita. Kisha akasema, "Fundi ni Mwahija binti Akida, yuko uani, anayetaka kazi apeleke kwake."

Jina la baba yetu, Kaka, katikati ya hoteli ya Shinyanga. Nililia, sikatai. Na Jumatatu dereva mmoja wa Geita akaniletea taa mbovu saba na mdomo wa redio ya karani wa mgodini, uliopasuka. Viko hapa miguuni pangu ninapoandika.

Kwa hiyo sirudi. Sisemi nitafikiri, sisemi nipe muda. Sirudi. Julai njoo, nakukaribisha kwa moyo wote, nitakupikia wali na kuku, na utakaa mbele ya hiyo tarumbeta usikilize mwenyewe. Lakini uje na begi moja tu, na liwe la kwako. Ukija kunibeba utanikuta nimekaa juu ya fuawe, nami wajua tangu utoto kwamba sibebeki.

Nisalimie Mama Tatu na mtoto mpya, nisalimie watoto wote, Shangazi Hadia mbusu mikono. Kaburi la baba ukilipitia liambie jina lake limetajwa. Mungu akulinde na mgongo wako, akupe riziki, akuzidishie subira maana naona imekupungukia. 

Ni mimi dada yako, nikupendaye na nisiyehama,
Mwahija binti Akida,
Fundi Bati.

Nimesahau jambo moja. Kile kiduara cha gazeti kilichanika kwa kutetemeka siku tatu baada ya mkasa wa Mwanne, tarumbeta ikarudi kukoroma. Nilijaribu karatasi ya sukari, ni nene mno. Ya pakiti ya majani ya chai, nyembamba mno. Ndipo barua yako ilipofika, kwenye karatasi nzuri ya stesheni. Nilipomaliza kuisoma mara ya tatu nikachukua mkasi. Ilikuwa ndiyo yenyewe, haizidi haipungui. Nimekata pale katikati, ulipoandika "utarudi ukitaka usitake". Maneno hayo yako chini ya kifuniko sasa hivi, na kila alasiri Shinyanga nzima inasikiliza redio juu yake. Bila hayo bati halisemi. Ahsante sana, Kaka.