Kwa Nini Baba Neema Hanywi Dawa

Granville, Sydney
Jumatano, tarehe 12 Novemba. Asubuhi ya mawingu mazito, manyunyu, na upepo wa baridi kutoka kusini.

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kile kikohozi cha mwezi uliopita kimekuachia, na kwamba umepata mtu wa kukukatia majani ya ng'ombe ili usipande mlimani peke yako. Neema yuko shuleni na anaendelea vizuri. Kuhusu mimi na mwanao nitaeleza kwa mpangilio, maana kwenye simu tunakatizana, na kuna jambo ambalo kwenye simu sikulisema. Nimeweka shajara yangu hapa mezani ili nisikosee tarehe.

Agosti, tulipokwenda Marekani kwenye harusi ya Samweli, mwanao wa mwisho, tulipigwa picha nyuma ya nyumba ya wakwe zake, kwenye majani marefu kando ya msitu. Jioni ile Baba Neema alijitoa kupe kwenye kifundo cha mguu akanionyesha huku anacheka: "Nimezunguka dunia nzima, kumbe kupe wa kwetu Same wamenitangulia." Mimi sikuona kupe hata mmoja mwilini mwangu. Lakini niliyeumwa ni mimi.

Tarehe 2 Septemba niliona doa jekundu nyuma ya paja, duara ndani ya duara. Niliandika kwamba ni buibui. Tarehe 16, kazini, bibi mmoja ninayemhudumia aliniuliza mbona leo natabasamu nusu. Nilikwenda kwenye kioo nikakuta upande wa kushoto wa uso umelegea kama si wangu. Kesho yake daktari alinipima damu na kuniuliza nimesafiri wapi, kwa sababu anasema ugonjwa huu haujathibitishwa kwa kupe wa huku. Unaitwa Lyme. Alinipa vidonge viwili kwa siku, siku ishirini na moja.

Nilimuuliza, "Na mume wangu? Yeye ndiye aliyeonekana na kupe."

"Ana homa? Doa? Viungo vinauma?"

"Hana kitu."

"Basi hatumtibu mtu asiye na kitu. Tunamwangalia."

Nilikueleza hayo, na nakumbuka ulivyonijibu. "Mama Neema, ng'ombe mmoja akionekana na kupe, nani anamwogesha huyo mmoja na kuwaacha wengine zizini?" Kisha ukasema, "Baba yake naye hakuwa na dalili." Nilikuwepo Jumapili ile Baba mkwe alipobeba mabenchi ya kanisa kwa mikono yake, na nilikuwepo Jumatatu ambayo hakuamka.

Sasa jambo lenyewe. Tarehe 26 Septemba, siku yangu ya kumi ya dawa, nimeandika hivi: "Mimi kimoja, yeye kimoja." Daktari hakutaka kumwandikia, nami nilikuwa na chupa mkononi. Nyumbani tumezoea hivyo, mmoja akinywa dawa ya minyoo nyumba nzima inakunywa, nikaona nusu ya dawa kwa kila mtu ni bora kuliko mmoja kukosa kabisa. Baba Neema hakubisha. Alisema, "Lete tu, Mama atulie."

Dawa ile haipatani na jua, na mimi sikumwambia, maana karatasi ya maelezo niliisoma kwa ajili yangu tu. Anaendesha lori la makontena kutoka bandarini, na mkono wake wa kulia unakaa dirishani kutwa. Siku ya sita ulikuwa umeungua hadi malengelenge. Siku tatu hakuendesha. Hapo aliacha vidonge. Mimi nami mwanzoni mwa Oktoba goti lilivimba likawa kama boga, nikashindwa kuwainua wazee, na mpaka leo sijarudi kazini.

Tarehe 13 Oktoba nilimpelekea daktari shajara hii. Aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, hakunifokea. Alisema tu, "Yeye hukumtibu, na wewe hukujitibu." Nikamwomba basi ampime damu. Akasema angeweza, ila dawa nusu nusu inaweza kuvuruga kipimo: kikisema hana, hatuwezi kukiamini, na kikisema anao, hakitatuambia kama ni wa sasa au ulipita zamani. Mama, mlango huo niliufunga mimi. Nilimweleza pia habari za Baba mkwe, akakubali kumpima moyo. Moyo uko sawa. Mimi akanianzishia dawa upya, mwezi mzima kasoro siku mbili, nimemaliza Jumapili. Goti limepungua. Uso umerudi kiasi.

Jumapili hiyohiyo Upendo, yule binti wa mchungaji wenu anayesoma chuo huku Kensington, alituletea mzigo wako. Nikafungua khanga, nikakuta pakiti sita za dawa ileile. Najua ulikwenda mwenyewe hadi duka la dawa mjini kwa miguu ile. Niliziweka juu ya friji, na siku mbili hatukuzungumza jambo jingine.

Baba Neema akasema, "Mwambie nimekunywa. Kuna ubaya gani? Atalala."

"Na ukianguka?"

"Nikianguka hutahitaji kumwambia kitu, atajua mwenyewe."

"Usinitanie, Baba Neema."

"Nani anatania? Mke wangu, mimi nimechoka kuangaliwa kama nyanya sokoni. Au nipe nimeze zote, au nizitupe. Chagua."

Nimechagua. Hatakunywa. Kupe alimtoa siku ileile, na daktari anasema kupe wa namna hiyo mara nyingi hajapata muda wa kuambukiza. Miezi mitatu imepita bila doa wala homa. Dawa tayari imemuumiza bila kumtibu chochote tunachokijua. Leo asubuhi nimezipeleka pakiti zako kwa mfamasia, akazitumbukiza kwenye ndoo ya dawa za kuharibiwa. Sitaki kukuficha: daktari hakusema haiwezekani kabisa. Alisema uwezekano ni mdogo. Likitokea lolote, usimlaumu yeye wala Upendo. Jua kwamba niliamua mimi, nikiwa na akili zangu, juu ya mwanao.

Nisamehe kwa dawa, na kwa kukaa kimya. Ningeweza kukuandikia kwamba amekunywa, ukatulia. Lakini siku ukija kujua, hungeniamini tena hata nikikuambia kwamba ni mzima.

Nisalimie Shangazi Eliwaza anayekusomea barua hii, na umwambie asiruke mistari. Nisalimie Baba mdogo Zefania na kumshukuru kwa kuchimba upya choo, na jirani yetu Mama Happy anayekukamulia. Neema anakusalimu. Nilimwambia aandike mwenyewe, akanijibu kwa Kiingereza kwamba Bibi anajua anampenda.

Ni mimi mkweo,
Mama Neema

Alhamisi, kabla sijafunga bahasha. Jana Baba Neema alichelewa bandarini na simu yake ilikuwa imezimwa. Nilisimama dirishani hadi lile goti likaanza kuuma tena. Aliingia saa moja jioni, kumbe ni foleni ya malori tu. Alikula ugali wote, akasema mgongo unamuuma, akaenda kulala. Kazi ile inamuumiza mgongo kila mtu. Nimeuandika mgongo, na tarehe, na saa. Kisha nikakaa pembeni yake nikimsikiliza anavyopumua, nikabandika plasta kwenye jicho langu la kushoto ambalo bado halifungiki, nikalala saa sita kasoro dakika kumi usiku.