Jina Ambalo Hukuliandika

Mpendwa Mama,

Ulikuwa umetoka zamu, bado umevaa sare ya polisi, unachambua mchele, yule mama wa maziwa alipoingia jikoni bila kubisha hodi. Alikuwa Muorma, wa jamii ya wafugaji, na kila asubuhi alituletea maziwa. Siku hiyo alikuja mchana, mikono mitupu. Akaurudisha mlango, akachuchumaa karibu nawe.

Alikuambia vijana wa kwao walikuwa wanajikusanya. Ng'ombe wao walikatwa mapanga katika mashamba yetu sisi Wapokomo, na alfajiri wangekuja kulipiza. Mwanawe alikuwa miongoni mwao.

"Sitaki aue, na sitaki auawe," alisema. "Lakini wakijua nimefika hapa, nimekwisha."

Alipoondoka ulinigeukia. "Hapa hajaingia mtu. Umesikia?" Ukafunga mkanda wako, ukarudi kituoni, mchele ukabaki kwenye ungo.

Jioni akina mama na watoto tulihamishiwa shuleni. Wenzako wakafunga njia ya malishoni. Vijana walipofika, waliwakuta polisi wanawangoja, na wazee wao wenyewe, walioitwa na polisi, wamesimama mbele. Wakarudi. Hakuna aliyezikwa.

Nilidhani imeisha. Kesho yake nilipokuletea chakula kituoni, nilimsikia mkuu wenu kupitia dirishani.

"Koplo, ripoti ya siri bila jina la mtoa habari haina uzito. Andika jina."

"Faili hupita mikononi mwa wengi, afande. Kila mmoja ana ndugu zake."

"Hiyo ni amri."

"Nimesikia, afande. Siandiki."

Kabla wiki haijaisha, wanaume tusiowajua walisimama langoni kwetu. Walijua yote yaliyokuwa kwenye ripoti, hata maneno yenyewe. Jambo moja tu hawakulijua.

"Nani alikuambia?" mmoja akauliza.

Ulijibu kwamba polisi huambiwa mengi, ukaendelea kufagia.

Kisha wakubwa wako wakakuhamishia kituo cha mbali, Nanighi, nami nikapelekwa kwa Bibi, kijijini Wenje. Kila ulipokuja likizo ulinikuta nimerefuka, na siku mbili za kwanza tulikuwa kama wageni. Yule mama aliendelea kuuza maziwa pale pale kwetu, Garsen, mpaka uzee ukamkalisha. Naye sasa ametangulia, kama wewe, na bado simtaji, maana watoto wake wapo.

Mama, nami nimevaa sare. Siku hizi ripoti zetu huingizwa kwenye kompyuta. Juzi mtu mmoja aliniambia mahali zilipofichwa bunduki, tukazikuta. Mkubwa wangu anataka jina la mtu huyo liingie.

"Kuna nywila," aliniambia. "Hakuna atakayeona."

Niliwafikiria wote wanaolijua hilo neno la siri. Nikamwomba tutumie namba badala ya jina, na jina nibaki nalo mimi. Alikataa. Nami nikakataa. Barua ya uhamisho imetoka leo.

Nilikuwa nakunja nguo mwanangu alipokuja kusimama mlangoni, akaniuliza naenda wapi na kwa nini yeye haendi. Nilijaribu kukumbuka ulinijibu nini mimi, siku ile ya kwenda Nanighi. Ulinishika tu, ukanibana kifuani mpaka dereva akapiga honi. Wakati ule niliona ni ukatili. Leo nimemshika vivyo hivyo, nikaelewa kwamba hukuwa na maneno.

Pumzika, Mama. Nimekukumbuka mno.

Ni mimi, binti yako.