Maji ya Kwanza ya Kabula

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua huwezi kuniitikia, lakini ungenifinya sikio kama ningeanza habari bila salamu. Nimerudi nyumbani kwetu mtoni, na jana nilimnywesha mwanangu maji ya sumu kwa mkono wangu mwenyewe.

Unakumbuka asubuhi zetu? Ulinipa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, nitafune, tukashuka mtoni taratibu, maana kwetu hakuna aliyepishana na mtu bila kumwuliza hali yake na ya ng'ombe wake. Kiangazi tulifukua mchanga kwa kibuyu tukangoja maji yapande. Juu tulichota ya kunywa, katikati tulifua, chini walikunywa ng'ombe. Siku ile mzee mmoja alipoleta kundi lake juu, ulisimama mbele yao na ndoo kichwani. "Ng'ombe hawajui, wewe unajua. Washushe." Akawashusha, kisha akarudi mkapiga soga mwambani mpaka jua likawa kali. Hakuna aliyenuna. Nilidhani watu wote huishi hivyo, hadi nilipokwenda kuuza chakula Isaka, kwenye malori na kelele.

Kabula, niliyempa jina lako, ametimiza miaka minne na hukumwona. Nikasema nimlete, apate maji ya kwanza kama desturi ya nyumba yetu: mtoto akifika mara ya kwanza, hali kitu kabla mkubwa wa nyumba hajamnywesha maji ya mto. Wewe hupo tena, mkubwa ni mimi. Tuliposhuka kwenye gari sikupita hata kwa jirani. Nilifukua pale pale petu, nikangoja maji yatulie, yakawa maangavu. Nikamnywesha. Akataka tena, nikampa tena.

Ndipo nikamwona Mama Limbu, jirani uliyekuwa ukifua naye, anakuja mbio, tope hadi magotini.

"Mayu, mama, usimpe mtoto hayo. Huko juu tunachenjua dhahabu kwa zebaki, na sumu yake yote inashukia hapo."

"Ameshakunywa," nikamwambia.

Akakaa chini mchangani. Nilimbeba Kabula nikapanda kuona, na sikuamini macho yangu. Kingo zote zimechimbwa, madimbwi ya maji ya kijivu yamepangana hadi kwenye kona ya mto. Waliokuwa wameinama humo hawakuwa wageni, Bibi. Ni wenzangu niliocheza nao. Waliacha kazi wakanisalimu mmoja mmoja kwa adabu zote, wakauliza mtoto anaitwa nani. Nilipowatajia jina lako, wakainamia tena madimbwi yao.

Nikamwuliza Mama Limbu nani aliyewaletea kazi hii.

"Nani atuletee? Mahindi yalikauka miaka miwili mfululizo. Mwalo wa kwanza, ule mteremko wa kuoshea mchanga wa dhahabu, niliuweka mimi. Maji ya kunywa tunayafuata kwenye kisima cha shuleni."

Alisema huku analia, bila kunificha kitu. Nilitaka kumtukana nikashindwa. Nina hasira naye, na nalala kwake, na nakula ugali wake. Hasira kubwa zaidi ni juu yangu. Nilikuwa na haraka ya kutimiza desturi moja nikairuka nyingine. Ningeanza kwa kubisha hodi kwake, kama ulivyonifundisha, angeniambia kabla sijagusa mchanga.

Mganga wa zahanati anasema huenda kiasi kile kisimdhuru, ila nimpeleke hospitali apimwe damu. Tunakwenda kesho. Sasa hivi anacheza hapa barazani na kuku wa Mama Limbu, haonyeshi kitu, nami namkazia macho kila anapokohoa. Naogopa, Bibi. Sijawahi kuogopa hivi.

Amekuja sasa hivi kuniuliza kama tutarudi kunywa maji ya Bibi. Nimemwambia hapana. Akauliza kwa nini, nikampakata. Tangu ukoo wetu ukae hapa, mimi ndiye wa kwanza kumkataza mtoto mto huu.

Wewe pumzika, Bibi. Mimi bado namwangalia.

Mjukuu wako,
mama yake Kabula