Sweta ya Shule Niliyoitwa Mimi

Mpendwa mshauri, Mzee Muindi,

Naomba msaada wako, na ukiona nastahili kukaripiwa basi nikaripie, mradi jina langu lisitokee, maana binti yangu husoma ukurasa wako kila Jumamosi. Tajiri wangu akimaliza gazeti huniachia, nami hulitia kwenye mkoba nikaenda nalo nyumbani, na huyo mtoto huanza na wewe kabla hata ya kuuliza leo tunakula nini.

Mimi ni fundi. Nashona sare za shule katika duka la Bwana Bhagwanji, mtaa wa Biashara, huu mwaka wa sita, na kazi yangu hasa ni kuunganisha mikono ya sweta na kudarizi beji. Kabla ya hapo nilikuwa nikilea watoto wa watu Hurlingham, nalala kwa tajiri, nyumbani naenda Krismasi, na mtoto wangu nilimwachia mama yangu huko Kimilili tangu akiwa na mwaka mmoja na nusu, kwa sababu mimi na baba yake tuliachana hata hajamaliza kuota meno. Nilipopata kazi hii nikapanga chumba Jamhuri na nikamleta, ana miaka kumi tayari, ananiita mama kwa adabu kama mgeni. Sasa ana kumi na tano. Nitamwita Nanyama.

Katika sweta zote ninazoshona, Mzee, kuna moja. Ni ya zambarau, ukosi una mstari mweupe, na beji yake ina taa. Shule yenyewe sitaitaja, ni ya bweni, ya wasichana, ya kitaifa, watu wanaijua. Mimi niliitwa shule hiyo mwaka wa elfu mbili na moja, mimi peke yangu katika tarafa nzima, lakini barua yangu ilikaa kwenye droo ya mwalimu mkuu mpaka Machi, kila mtu akidhani mwingine ameshatuambia, na baba aliponipeleka tukaelezwa kwa upole kwamba nafasi imeshapewa mtu. Tulisimama pale langoni na sanduku langu la bati, wasichana wanatoka kula, wote na hizo sweta za zambarau, mmoja akanipungia mkono akidhani mimi ni mgeni wa kuingia. Nikarudi nikasoma shule ya pale kwetu mpaka Kidato cha Pili, ikaishia hapo. Tangu siku hiyo sijawahi kutamani kitu kingine namna hiyo, hata mume sikumtamani hivyo.

Siku moja saa ya chakula, duka likiwa tupu, nilivaa moja, ile saizi kubwa kabisa, nikasimama mbele ya kioo cha wateja. Bwana Bhagwanji akatokea nyuma na chai yake. Akanitazama, akasema, "Hiyo sweta moja wewe nashona zuri kuliko ingine yote. Mimi naona siku mingi." Kisha akarudi kwenye hesabu zake, hakuuliza kitu, na mimi nikaivua nikaikunja na machozi yakanitoka juu ya sufu, ikabidi niianike.

Sasa nikuambie kosa langu. Mwaka jana ilikuja ile fomu ya kuchagua shule za Gredi ya Kumi, mtoto anajaza, mzazi anatia sahihi. Nanyama aliijaza jioni moja huku mimi nakaanga sukuma, na pale juu kabisa, chaguo la kwanza, akaandika shule ya kutwa ya hapa kwetu, ile ambayo ukiwa jikoni unasikia kengele yake. Na huyu ni mtoto anayeongoza darasa lao. Nikamuuliza, mbona hii? Akasema, "Iko poa, mama. Ni karibu." Nikamwambia kuna watu wanalia usiku na mchana waitwe zile shule kubwa. Akasema, "Aki mama, mimi nataka tu kurudi home jioni." Basi, hiyo ndiyo sababu yote, karibu, kana kwamba anachagua kioski cha kununua maziwa.

Sikumgombeza, na ingekuwa afadhali ningemgombeza. Mimi kazi yangu ni kunakili. Mtu huniletea beji iliyopauka hata taa haionekani, nami namtolea mpya ambayo mwenye shule hawezi kuitofautisha na ile ya awali. Kesho yake nikitoka kazini nilishuka Hurlingham, ambako siku hizi hakuna anayenijua, nikaingia saiba, duka la intaneti, nikachapishiwa fomu tupu, nikakaa kwenye kiti cha plastiki nikaijaza upya kwa mwandiko wa mtoto wangu. G zake zina mkia uliojikunja, saba zake zina kijistari katikati. Nilizinakili zote. Ile shule ya bweni nikaiweka ya kwanza na hii ya kutwa nikaishusha chini kabisa, kisha nikatia sahihi, na hiyo angalau ilikuwa yangu. Nikaipeleka kwa mwalimu, hakushtuka. Ile fomu ya Nanyama mwenyewe sikuitupa, mkono ulikataa, nimeifungia kwenye droo ya cherehani yangu.

Matokeo yametoka, ameitwa. Zambarau. Nilipiga magoti katikati ya duka. Lakini Nanyama alipousoma ujumbe kwenye simu yangu aliusoma tena, akaniuliza, "Mama, kwani kompyuta yao imekosea?" Nikamjibu kompyuta haikosei. Akasema, "Sawa basi," akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Tangu hapo hajalia wala hajalalamika, na hiyo ndiyo inayonimaliza. Ananionyesha mahali anapoweka ufunguo wa akiba. Amenifundisha kununua tokeni za stima kwa simu, kitu ambacho hukifanya yeye, akanifanyisha mara tatu mpaka nikapatia. Juzi akaniuliza, "Sasa nani atakuwa anakungoja steji?" Maana ana hiyo tabia, kila jioni nikishuka kwenye gari namkuta pale, mvua au jua, na kitabu mkononi, hunipokea mkoba. Nimemwambia mara ngapi abaki asome. Hasikii, ananigandama kama kupe.

Mzee, dirisha la kuomba kubadilishiwa shule linafungwa Jumanne. Je, nimwambie nilichofanya? Au nifunge mdomo aende, maana shule ni nzuri kweli, na siku moja akiwa daktari atanishukuru? Sweta yake nimeshaishona. Nilimpima nikimdanganya kuna mteja wa umbo kama lake. Iko juu ya rafu, kila nikipita naigusa.

Wako,
Fundi wa Jamhuri

MZEE MUINDI ANAJIBU

Fundi, pole. Naanza na pole kwa sababu yatakayofuata si matamu.

Ulichofanya kinaitwa kughushi. Ungekuwa umeghushi mwandiko wa Bwana Bhagwanji ungekuwa ukiniandikia kutoka mahali pengine. Umemghushi mtoto, na mtoto hana wa kumshtaki, kwa hivyo anaosha vyombo visafi. Kisha ukajificha nyuma ya kompyuta. Aibu, mama, na wewe unajua ni aibu, ndiyo maana hukulala mpaka ukaniandikia.

Sina ugomvi na shule ya zambarau. Ni shule njema, na ningekuwa na binti ameitwa huko ningechinja mbuzi. Wala usinisikie nikisema za kutwa ni bora. Nimefundisha shule ya kutwa miaka ishirini na sita, nimeona waliotoka hapo wakawa mahakimu na waliotoka hapo wakawa walevi. Shule kubwa nazo hutoa wote wawili. Swali lako si hilo, ingawa umelizungushia kurasa mbili.

Soma barua yako mwenyewe. Nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikavua miwani. Unasema mtoto amechagua shule kwa sababu ni karibu, na unakasirika, karibu, karibu, kama kioski. Karibu na nini, Fundi? Si karibu na kengele. Huyu mtoto alikaa karibu miaka tisa Kimilili akikuona Krismasi, huku wewe ukifunga kamba za viatu vya watoto wa Hurlingham. Sikulaumu, ulikuwa unatafuta, na wengi wetu tumelelewa hivyo. Lakini amekupata miaka mitano tu. Kila jioni anakwenda steji kuhakikisha umerudi. Unamwita kupe. Mimi naona mtoto ambaye hajakushiba, na anakuomba miaka mitatu zaidi ya kukuona ukishuka. Hakukosa hamu ya makuu. Ana hamu yake kama wewe ulivyo na yako, ila yake ni wewe.

Tena kuna jambo limenikaa kooni. Barua yako ilikaa kwenye droo ya mtu mzima mpaka nafasi ikapita, na umeubeba uchungu huo miaka ishirini na tano. Haya, fomu ya Nanyama iko wapi?

Ndiyo. Na hii droo ina ufunguo, na ufunguo unao wewe.

Kwa hivyo utamwambia. Usimwambie "shule iliamua", usimwambie "nilidhani". Mwambie, niliiandika mimi kwa mwandiko wako. Halafu mweleze habari ya lango na sanduku la bati, maana naona popote kwenye barua hujasema kama anaijua, na nadhani haijui. Ukishamaliza, nyamaza. Hapo ndipo watu kama wewe hushindwa, hukiri kisha wakaanza kubembeleza. Mwache akasirike kadiri atakavyo. Akichagua kubaki, Jumatatu asubuhi omba ruhusa kazini, nendeni wote wawili kwa mwalimu mkuu wa shule aliyotoka, muombe kubadilishiwa kabla ya Jumanne, na wewe ndiwe utakayesema kosa ni la nani, mbele ya mwalimu, mtoto akisikia. Akichagua kwenda, na usishangae akichagua, basi ataenda kwa miguu yake, na wewe utakuwa langoni kila siku ya wazazi, wa kwanza, na chapati.

Nawe usibaki na njaa yako. Kwa hesabu yangu una miaka kama thelathini na tisa, hujazeeka. Kuna madarasa ya jioni ya watu wazima hapo mjini, unaweza kwenda kwa miguu kutoka kwenye cherehani yako, na mtihani wa Kidato cha Nne hauulizi umri. Kaulizie mwezi huu. Kiu ni yako, Fundi, kunywa mwenyewe. Na ile sweta saizi kubwa uliyoianika, mwombe Bwana Bhagwanji akuuzie. Nadhani ameshajua.

La mwisho. Umeniomba nifiche jina lako, nimelificha. Lakini sweta ya zambarau, duka la mtaa wa Biashara, tokeni za stima, hayo nimeyaacha, na wewe ni mtu mwerevu, ulijua unaandika kwenye ukurasa ambao binti yako huanza nao. Mwenye siri anayetaka itunzwe haipeleki gazetini. Ulitaka ajue, ukakosa mdomo. Ningekupigia simu kwanza, hukuacha nambari, na Jumanne haingoji.

Leo ni Jumamosi. Nakisia unasoma haya saa ya chakula, gazeti la tajiri likiwa juu ya meza ya kukatia. Ukimaliza, fungua droo. Toa fomu, ikunje ndani ya gazeti hili, tia vyote kwenye mkoba, na ukamate gari la kurudi Jamhuri. Atakuwa pale steji, na atanyoosha mkono kama kawaida. Mwambie kabla hajakupokea mkoba.